Maswali ya Wasomaji: Mtoto akisafiri bila mzazi, nani atie saini?

Barua nyingi za mara hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto aliye chini ya miaka 18 akitoka nyumbani, kwenda nje ya nchi au mkoa mwingine, ridhaa ya mzazi iandaliweje ili isikataliwe? Tumechagua zile zitakazowafaa wengi. Majina ya waulizaji tumeyaacha, tumebakiza maeneo tu.

Habari za kazi. Mwanangu ana miaka 11. Dada yangu anayeishi Johannesburg amemwalika likizo ya Desemba. Atapanda ndege peke yake kutoka Dar es Salaam. Mimi na baba yake tulitengana, yeye yupo Mwanza, tunawasiliana kwa simu tu. Je, saini yangu peke yangu inatosha? (Mama, Ilazo, Dodoma)

Nzuri, dada. Hapa kuna ridhaa mbili na watu huzichanganya: ya kupata pasipoti, na ya safari yenyewe. Kupewa pasipoti hakumaanishi kwamba mtoto ameruhusiwa kusafiri na yeyote, kwenda popote.

Tuanze na pasipoti. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, unalipa (pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000), kisha unakwenda na mtoto mwenyewe Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa. Beba cheti chake cha kuzaliwa, cheti chako cha kuzaliwa au kiapo cha kuzaliwa kwako, kitambulisho chako cha taifa (NIDA), picha ndogo zenye mandhari ya bluu mpauko, barua ya mwaliko kutoka kwa dada yako, na barua ya ridhaa. Sharti ni ridhaa ya mzazi au mlezi halali. Hata hivyo afisa akiona jina la baba kwenye cheti ana kila sababu ya kukuuliza yuko wapi, na jibu la "tumetengana" halimtoshi. Kwa kuwa mnaelewana, mwombe baba aape kiapo chake huko huko Mwanza mbele ya wakili, aambatanishe nakala ya NIDA yake, na akutumie hati yenyewe kwa basi. Picha ya WhatsApp si hati. Mhuri na saini hukaguliwa kwenye karatasi halisi.

Wengi hukwama kwenye majina. Kliniki mama aliandikisha jina la nyumbani, NIDA akaandika jina la ubatizo na ukoo wa mume. Afisa anasoma cheti cha mtoto, anasoma kitambulisho cha aliyetia saini, anaona watu wawili. Kama majina yote ni yako, wakili atakuandalia kiapo kinachosema hivyo. Kama kosa limo kwenye cheti cha mtoto, marekebisho hufanywa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kupitia ofisi yao ya wilaya. Kagua hili kabla hujalipia tiketi, kwa sababu marekebisho hayaendi kwa kasi ya safari yako.

Sasa safari. Mtanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90, lakini usidhani mlango uko wazi kwa mtoto. Nchi hiyo iliweka masharti makali Juni 2015, baadaye ikayalegeza kwa watoto wanaosafiri na wazazi wao. Kwa mtoto anayesafiri peke yake bado inataka nakala ya cheti cha kuzaliwa, ridhaa ya maandishi ya mzazi mmoja au wote wawili pamoja na namba zao za simu, barua ya mtu atakayempokea yenye anwani ya makazi yake, na nakala ya kitambulisho au pasipoti ya mpokeaji pamoja na kibali chake cha kuishi huko. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Mwambie dada yako akutumie mapema.

Shirika la ndege nalo lina yake. Mengi hayampakii mtoto wa miaka 5 hadi 11 akiwa peke yake mpaka mzazi alipie huduma ya mtoto asiye na mwangalizi, ambapo mhudumu anamkabidhi kwa mtu aliyetajwa kwenye fomu na si mwingine. Huduma hii huombwa wakati wa kukata tiketi. Ukifika uwanjani nayo ikiwa haipo kwenye mfumo, mtoto anabaki. Chagua ndege ya moja kwa moja ukiweza, maana mengine hukataa watoto hawa kwenye safari zenye kuunganisha ndege kwa saa nyingi.

Hiyo barua ya ridhaa inaandikwaje hasa? Niliandikiwa moja na mtendaji wa mtaa, ubalozini wakaikataa. (Baba, Kizota, Dodoma)

Barua ya mtendaji inathibitisha kwamba unaishi mtaani kwake. Haithibitishi kwamba umeapa. Ridhaa ya safari ya nje inapaswa kuwa hati ya kiapo, iliyotiwa saini mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo, yaani aliyeruhusiwa kisheria kuapisha watu. Maudhui yake yawe hivi:

"Mimi (majina matatu kama yalivyo kwenye NIDA), kitambulisho namba …, mkazi wa mtaa wa …, Jiji la Dodoma, simu namba …, ni baba mzazi wa …, aliyezaliwa tarehe …, cheti cha kuzaliwa namba …, pasipoti namba …. Naridhia asafiri kutoka Dar es Salaam kwenda … tarehe …, na kurudi si zaidi ya tarehe …. Safarini atakuwa chini ya uangalizi wa …, pasipoti namba …. Huko atakaa kwa …, anwani …, simu …. Mtu huyo anaruhusiwa kukubali matibabu ya dharura kwa niaba yangu iwapo sipatikani. Ridhaa hii haimruhusu mtu yeyote kumpeleka mtoto nchi nyingine, kumhamishia makazi, wala kumfanyisha kazi."

Sentensi ya mwisho haimo kwenye fomu nyingi zinazouzwa stationari. Iandike. Siku mambo yakiharibika, ndiyo itakayoonyesha kwamba aliyemchukua mtoto alivuka mipaka uliyoweka.

Zipo sababu nne zinazokwamisha barua hizi. Tarehe za safari zimeachwa wazi, na afisa anaona karatasi inayoweza kutumika mwaka mzima. Saini haifanani na ile ya kwenye kitambulisho. Sehemu ya mwisho ya kiapo haionyeshi mahali na siku kilipoapwa, wakati sheria ya viapo inataka vyote viwili vitajwe. Na iliyo mbaya zaidi: mhuri ulipigwa bila mzazi kufika mbele ya wakili. Mzazi akipigiwa simu kutoka uwanjani akaulizwa, "Uliapa kwa nani, wapi?" akababaika, safari imeishia hapo.

Kwa nchi zinazotumia Kiingereza, andaa hati kwa Kiingereza tangu mwanzo, mzazi asiyekijua asomewe kwa Kiswahili na hilo liandikwe ndani ya kiapo. Balozi nyingine hutaka hati ithibitishwe kwanza na Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo kwa watu wa Dodoma iko Mji wa Serikali, Mtumba. Waulize ubalozi kabla hujapanga foleni.

Baba wa mtoto aliondoka kwenda machimboni Geita mtoto akiwa na miaka mitatu, hajarudi wala hapatikani. Sasa mtoto ana miaka 13 na amepata nafasi ya masomo nje. Nifanye nini? (Mama, Mpwapwa)

Baba asiyepatikana na baba aliyekataa ni mambo mawili, na kila moja lina njia yake. Wako hapatikani, kwa hiyo kazi yako ni kuonyesha kwamba alitafutwa. Anza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa akuandikie barua inayoeleza tangu lini unamlea mtoto peke yako. Ipeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ya Wilaya. Atakuhoji, atamsikiliza mtoto, pengine atawatafuta ndugu wa baba, kisha ataandika taarifa yake. Ndugu wa upande wa baba wakikubali kuweka saini kwamba nao hawajui alipo, taarifa inakuwa nzito zaidi. Baada ya hapo unaapa kiapo chako mbele ya wakili, ukieleza ukweli wote.

Kwa safari ya wiki mbili, hayo mara nyingi hutosha. Kwa masomo ya miaka kadhaa tunakushauri uende mbali zaidi: fungua maombi ya malezi katika Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mahakama inaangalia maslahi ya mtoto kwanza, na amri yake haibishaniwi na afisa wa viza. Ukishindwa gharama za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu upate msaada bila malipo. Afisa Ustawi wa Jamii atakuelekeza kwa watoa huduma waliosajiliwa.

Usiandike kwamba baba amefariki ili kurahisisha. Tunajua ushauri huo unatolewa vijiweni. Atakayeulizwa cheti cha kifo ni wewe, na kiapo cha uongo ni jinai.

Wajukuu zangu, namlea mjukuu yatima wa miaka 9. Shangazi yake wa Nairobi anataka aje amtembelee. Nimeambiwa bibi hana haki ya kusaini. (Bibi, Kongwa)

Shikamoo bibi. Waliokuambia wamekosea kidogo. Bibi anaweza kusaini akishaonyesha kwamba ndiye mlezi. Leta vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili kutoka RITA. Kibali cha mazishi au tangazo la msiba havitoshi. Ongeza cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya mtendaji, na taarifa ya Afisa Ustawi wa Jamii inayokutaja wewe kama mlezi. Sheria ya Mtoto inamruhusu pia ndugu anayemlea mtoto kuomba amri ya malezi mahakamani, na kwa umri wa mjukuu wako ingefaa uipate, kwani utahitaji kusaini mengi mpaka atimize miaka 18: shule, hospitali, mirathi ya wazazi wake.

Kwa kwenda Kenya mtoto atahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Barua pekee haivushi mtu mpaka wa Namanga. Kama mtapita barabara ya Kondoa, Babati na Arusha, anayemsindikiza abebe hati zote mkononi, zisiwe kwenye begi lililofungwa chini ya basi.

Shikamooni. Nina miaka 17, nimemaliza kidato cha nne. Kuna mama anatafuta wasichana wa kazi Oman, amesema atanitengenezea pasipoti ya miaka 21 na wazazi wangu watasaini tu. Atalipa gharama zote, nitamrudishia kwenye mshahara. Wazazi wamekubali. Je, ni salama? (Msichana, Manyoni)

Marahaba binti. Hapana, si salama, na tafadhali usimpe cheti chako cha kuzaliwa. Kama umeshampa, mwambie mzazi wako akakidai leo.

Chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, kumtafuta na kumsafirisha mtoto ili anyonywe ni kosa, na ridhaa ya mtoto haimwokoi mhusika. Ridhaa ya wazazi nayo haigeuzi haramu kuwa halali. Mzazi anayeweka saini akijua umri umeghushiwa anaweza kujikuta mshtakiwa. Wengi wao hawalijui hili, kwa hiyo wasomee.

Fikiria pia hiyo pasipoti ya miaka 21 itakufanya nini ukiwa huko. Ukikimbilia ubalozini ukisema wewe ni mtoto, karatasi yako inasema wewe ni mtu mzima. Ukitaka kurudi shule au kuomba NIDA, tarehe zako za kuzaliwa zinapingana. Na yale maneno ya "nitalipa gharama zote, utanirudishia" yanakuwa deni ambalo hujui kiasi chake, analolihesabu mtu mmoja tu, huku pasipoti yako ikiwa kwenye droo ya mwajiri.

Piga 116, Simu kwa Mtoto. Ni bure kwa mitandao yote na huhitaji kutaja jina. Unaweza pia kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Usiogope kwamba utamchongea mzazi. Kinachotafutwa pale ni kukulinda na kumpata huyo mama kabla hajaondoka na wengine. Ukifika miaka 18 na bado unataka kazi ya nje, kuna njia halali kupitia huduma za ajira za serikali (TaESA) na kampuni zenye leseni, ambako mkataba unausoma kabla ya kupanda ndege.

Binti yangu wa miaka 15 anatakiwa Dar es Salaam kwa kazi za ndani. Mtendaji atatuandikia barua. Kuna tatizo? (Baba, Bahi)

Lipo, baba. Kuanzia miaka 14 sheria inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyomwondoa shuleni wala kumdhuru, isiyozidi saa sita kwa siku, na kamwe isiwe kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Dada wa kazi anayelala nyumbani kwa mwajiri huamka alfajiri na kulala wa mwisho. Hatuoni jinsi kazi hiyo inavyoingia ndani ya mipaka hii, na barua ya mtendaji haiwezi kuipanua. Elimu ya sekondari kwenye shule za serikali haina ada hadi kidato cha sita. Kama shida ni sare na nauli, mweleze Afisa Ustawi wa Jamii kabla hujamkabidhi mtoto kwa mtu uliyemjua kwa simu.

Nawapeleka wanafunzi Uganda kwenye mashindano. Naweza kutumia barua moja yenye saini za wazazi wote? (Mwalimu wa michezo, Singida)

Hapana, mwalimu. Kila mtoto awe na ridhaa yake, kwa sababu mmoja akiugua au akirudishwa mpakani barua yake lazima iondoke naye. Orodha ya pamoja iwepo pia, ikiwa na mhuri wa mkuu wa shule na kibali cha ofisi ya elimu. Kwenye kila ridhaa ongeza mzio, dawa anazotumia na ruhusa ya matibabu. Kama kuna wasichana, awepo mwalimu wa kike.

Mke wangu anakwenda Ujerumani na mtoto wetu wa miaka 8. Mimi nabaki. Je, nahusika na viza ya mtoto? (Baba, Makole, Dodoma)

Unahusika. Fomu ya viza ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) ya mtoto husainiwa na mwenye mamlaka ya mzazi, na balozi hutaka ridhaa ya mzazi anayebaki. Ada kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, na aliye chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole. Wanaokwenda Uingereza wajue jambo moja la ziada: viza ya mtoto anayesindikizwa huandikwa mtu anayesafiri naye. Akibadilika msindikizaji dakika za mwisho, mtoto anaweza kuzuiwa hata kama ridhaa ya wazazi ni sahihi.

Mke wangu ametishia kuondoka na watoto kwenda kwa ndugu zake Canada. Hatujaachana rasmi. Sijaridhia. Naweza kuwazuia? (Baba, Nkuhungu, Dodoma)

Unaweza, ila kwa mahakama. Kunyang'anyana pasipoti au kuwaficha watoto kijijini kutakuharibia, kwa sababu mahakama itauliza nani anawapa watoto utulivu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kukataza mtoto asitolewe Tanzania. Jua pia kwamba sheria hiyo inaanza na dhana kuwa mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo usiombe malezi yote kwa hasira. Omba katazo la safari, na upendekeze watoto watamwona nani, lini.

Fanya mapema. Tanzania haimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 unaosaidia kurudisha watoto waliochukuliwa na mzazi mmoja, hivyo wakishatoka utalazimika kufungua kesi huko huko waliko, kwa gharama za huko. Ukipata amri, chukua nakala zilizothibitishwa na mahakama na uzipeleke siku hiyo hiyo Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, ukiambatanisha majina kamili ya watoto, tarehe za kuzaliwa, namba za pasipoti na picha zao. Amri iliyobaki kwenye faili la wakili wako haijulikani na afisa wa dirishani Uwanja wa Julius Nyerere.